Huyu ni Bibi Gani? Kuzisoma Picha za Zamani za Ukoo Wetu



Msimu wa harusi ukikaribia, masanduku hufunguliwa. Mtu anatafuta kisutu cha mama yake, anakutana na bahasha ya picha. Siku hizi mabibi harusi wengi wa visiwani wanapenda kuweka picha za bibi zao ukumbini, au kumpelekea fundi picha ili ashone mtindo ule wa zamani. Ni jambo zuri. Lakini mara tu picha inapowekwa mezani, maneno huanza. Mmoja anasema huyu ni bibi mzaa mama, mwingine anasema hapana, ni dada yake, wa tatu anasema ni yule yaya aliyewalea wote.

Tusilione hili dogo. Kwetu nasaba ni amana. Jina likikosewa kwenye picha leo, kesho litanakiliwa kwenye mti wa ukoo, na kesho kutwa hatakuwepo wa kulisahihisha. Na yule tunayemwita “yaya”, aliyempakata mtoto pembeni, huenda ndiye aliyemnyonyesha. Mnajua kwamba undugu wa kunyonya huzuia ndoa kama undugu wa damu. Kumjua mwanamke yule ni nani, na alimnyonyesha nani, kunaweza kuwahusu wanaooana leo.

Basi tuzisome picha kwa utaratibu. Mambo mawili myatenganishe tangu mwanzo: mwaka wa picha mnaweza kuupata kwa kuitazama picha yenyewe, lakini jina la mtu mtalipata kwa watu.

Anzeni na karatasi

Kabla ya kutazama sura, shikeni picha mkononi. Picha za karne ya 19 mara nyingi ni karatasi nyembamba iliyobandikwa juu ya kadi ngumu. Kadi ndogo ni ya takriban sentimita 6 kwa 10, kubwa yake ni takriban 11 kwa 16. Picha nyeusi na nyeupe yenye kingo zilizokatwa mawimbi mawimbi kwa kawaida ni ya kati ya miaka ya 1930 na 1960. Karatasi laini yenye utando wa plastiki ilienea kuanzia miaka ya 1970, na picha za rangi za miaka hiyo nyingi zimegeuka wekundu.

Ikiwa ni postikadi, tazameni mgongo wake. Zamani mgongo mzima ulikuwa wa anwani tu. Uingereza iliruhusu mgongo ugawanywe mara mbili, upande wa ujumbe na upande wa anwani, mwaka 1902, na nchi nyingine zikafuata. Ukiuona mstari wa katikati, basi kadi hiyo haikuchapwa karne ya 19.

Muhuri wa studio nao ni ushahidi. Unguja ilikuwa na wapiga picha mapema sana. Familia ya Gomes, Wagoa, walikuwa na studio tangu karne ya 19, na ndugu wa Coutinho walifanya kazi mwisho wa karne hiyo na mwanzo wa iliyofuata. Capital Art Studio ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na vizazi vya Waunguja vimepigwa picha pale. Picha yenye muhuri wa Capital haiwezi kuwa ya 1920, hata shangazi akiapa.

Mwandiko wa nyuma

Bibi zetu wengi walisoma chuoni, si skuli. Waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kwa hiyo msione mistari ya Kiarabu nyuma ya picha mkadhani ni dua au aya. Huenda ni jina, na tarehe pia. Mpelekeeni anayeweza kusoma.

Tarehe yenyewe huenda ni ya Hijria. Ukiona “mfungo sita 1350”, huo ni mwezi wa Maulidi, na kwa miladi ni Julai au Agosti 1931. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo usijumlishe kwa kukisia. Tumia jedwali au programu ya simu.

Jengo na nguo

Kilicho nyuma ya watu husaidia sana. Chukueni Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883. Mwanzoni mnara wa saa ulisimama peke yake mbele ya majumba ya Sultani. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliuharibu, na mwaka 1897 mnara mpya ukajengwa ukiwa umeshikana na jumba lenyewe. Picha inayoonyesha mnara uliojitenga ni ya kabla ya vita vile. Inayoonyesha saa kwenye jumba ni ya 1897 au baadaye.

Hii ndiyo kanuni kubwa: kitu kipya kuliko vyote ndani ya picha ndicho kinachowaambia picha haikupigwa kabla ya lini. Upande wa pili hufungwa na watu. Kama babu mmoja aliyemo alifariki 1938, picha haiwezi kuwa ya baada ya hapo. Kama mtoto aliyepakatwa ana cheti cha 1934, mmebakiwa na miaka minne tu.

Nguo nazo husema, ila zinataka uangalifu. Barakoa ilikuwa vazi la mabibi wa majumba makubwa katika karne ya 19. Buibui lilienea mwanzoni mwa karne ya 20, na lile la kamba ya kufungia kichwani ni la zamani kuliko haya tunayovaa wazi kama joho. Kanga ya mwanzo wa karne hiyo iliandikwa jina lake kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini zikachukua nafasi. Lakini mwanamke anaweza kuvaa kanga ya mama yake, na bi harusi huvaa dhahabu ya kuazima. Nguo inaweza kuwa na umri mkubwa kuliko picha.

Tena nguo haitaji mahali. Ile picha maarufu ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, inamwonyesha katika mavazi ya fahari ya Kizanzibari. Asiyejua atasema ilipigwa jumbani Unguja. Ilipigwa Hamburg, Ujerumani, baada ya yeye kuondoka Unguja mwaka 1866.

Mwanamke asiye na jina

Hapa nawaomba tutulie kidogo. Katika picha nyingi wanaume wameandikwa majina kamili, na wanawake wameandikwa “mke wa fulani”, au hawakuandikwa kabisa. Studio za zamani ziliuza postikadi za wanawake wetu zikiwa na maneno ya Kizungu ya jumla tu, mwanamke wa Kiswahili, mrembo wa Kiarabu, bila jina. Kila mmoja alikuwa binti wa mtu.

Msiharakishe pia kusema “huyu ni mtumwa” au “huyu ni mwungwana” kwa kutazama nguo. Kaniki na merikani zilikuwa nguo za watumwa na maskini. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na masuria wakaingizwa katika sheria hiyo mwaka 1909. Wanawake waliotoka utumwani waliacha kaniki, wakavaa kanga, kisha buibui. Walikusudia hasa kwamba mtu asiweze kuwatofautisha. Tukiwabandika jina la zamani kwa kubahatisha, tunawarudisha walikokimbia.

Na wapo mabibi waliofichwa makusudi. Mama yake Sayyida Salme alikuwa suria kutoka Circassia. Mtoto wa suria kwa bwana wake ni huru na nasaba yake ni kamili, lakini koo ngapi zimeacha jina la bibi huyo lipotee kwa haya? Kumtaja kwa heshima ni haki yake.

Kuuliza wazee

Sasa jina. Wanazuoni wa hadithi hawakupokea neno mpaka waulize: umelipata kwa nani? Nasi tufanye hivyo. Kila jina liwe na msimulizi wake.

Nakilini picha, kisha kwenye nakala wekeni namba juu ya kila mtu. Asili msiiandike mbele. Waulizeni wazee mmoja mmoja, si wote sebuleni, maana mwenye sauti kubwa huwafunga wengine midomo. Ulizeni “Bibi, huyu ni nani?” wala msiulize “Huyu si ndiye bi mkubwa?” Mzee atawakubalia kwa upole tu. Akisema “wakati wa Sayyid Khalifa”, kumbukeni alitawala kuanzia 1911 hadi 1960. Akisema “wakati wa vita”, ulizeni ni vita gani, ile ya 1914 au ile ya 1939.

Msitegemee kufanana sura. Koo zetu zimeoana binamu kwa binamu, pua moja imezunguka nyumba tano. Majina nayo yanarudi, mjukuu huitwa kwa jina la bibi yake. Kwa hiyo andikeni jina, binti wa nani, na mama yake nani.

Baada ya 1964 familia nyingi zilitawanyika, Oman, Dubai, Uingereza, Bara. Picha isiyo na jina kwenu huenda ina jina kamili kwenye albamu ya khalati aliyeko Muscat. Mtumieni. Kisha nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, katika moja ya njia tatu: najua, nimeambiwa na fulani mwaka fulani, au nadhani. “Nadhani” isigeuke “najua” kwa sababu tu imeandikwa vizuri.

Na stara yake

Bibi aliyejisitiri maisha yake yote huenda alipigwa picha nywele wazi, chumbani, kwa ajili ya mumewe. Kufariki kwake hakukutupa ruhusa. Kabla ya kumpandisha Instagram au kumtundika ukumbini penye wanaume, jiulizeni angeridhia? Picha kama hiyo inaweza kukaa upande wa wanawake, au ikabaki sandukuni pamoja na jina lake.

Mwisho, kwako bi harusi. Picha za simu hazina mgongo wa kuandikia, na ikishapita WhatsApp hata tarehe yake hupotea. Chagua kumi tu za harusi yako, zisafishe, ziandike: majina, mahali, tarehe ya Hijria na miladi. Aliyekupaka hina mwandike. Somo wako mwandike. Aliyepika mwandike pia. Na wiki hii, kabla ya pilikapilika, mpelekee bibi ile bahasha, ukae naye kitako, na penseli mkononi.