Kukadiria Upeo wa Chipukizi: Historia ya Soka la Vijana Shinyanga na Geita

Katika michezo ya kompyuta ya kuongoza timu, kama Eastside Hockey Manager ya mpira wa magongo wa barafuni, iliyotengenezwa na kampuni ya Sports Interactive ya London na kutolewa mwaka 2004, kila chipukizi hupewa alama mbili: ya uwezo alionao sasa, na ya upeo, yaani kiwango cha juu kabisa anachoweza kukifikia akilelewa ipasavyo. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita nchini Tanzania, makadirio ya namna hiyo yamefanywa kwa miaka mingi katika soka, lakini yamebaki vichwani mwa walimu na makocha bila kuandikwa, na hasara ya jambo hilo inaonekana katika historia ya klabu za ukanda huo.

Mchujo wa kwanza ulikuwa wa shule. Mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya sekondari, UMISSETA, huwapandisha wachezaji kwa ngazi, kutoka shuleni hadi wilaya, mkoa na taifa, na katika kila ngazi jicho la mwalimu ndilo huamua nani aendelee na nani arudi nyumbani. Michezo hiyo iliposimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kabla ya kurejeshwa baadaye, vijana wa vijijini walipoteza njia yao kuu ya kuonekana, wakabakiwa na soka la mchangani na mashindano ya ndondo, yaani ya mitaani, ambako anayeng'ara ni yule aliye tayari leo, wala si yule atakayekuwa bora baada ya miaka mitano.

Jicho hilo lina udhaifu unaojulikana, kwa kuwa mtoto aliyewahi kukomaa mwili huwashinda wenzake kwa nguvu na kuonekana ana kipaji kuliko wao. Ndiyo maana umri ni msingi wa makadirio yote: uwezo uleule kwa mwenye miaka 15 huashiria upeo mkubwa, na kwa mwenye miaka 20 huashiria mdogo. Katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009 nchini Nigeria, FIFA ilitumia kipimo cha MRI kukagua umri, yaani picha ya kifundo cha mkono inayoonyesha kama mifupa imekwisha kuungana. Suala la umri ndilo lililoipa Serengeti Boys, timu ya taifa ya Tanzania ya rika hilo, nafasi ya kucheza fainali za Afrika za mwaka 2017 nchini Gabon, baada ya Kongo Brazzaville kuondolewa kwa sababu ya mchezaji ambaye umri wake ulitiliwa shaka.

Wakati huohuo, klabu za ukanda huo zilikuwa zikipanda. Stand United, iliyoanzia kwa vijana wa stendi ya mabasi mjini Shinyanga, iliingia Ligi Kuu mwaka 2014. Mwadui, ya mgodi wa almasi uliotokana na ugunduzi wa John Williamson mwaka 1940, ikafuata mwaka 2015. Na Geita Gold, ya mji wa dhahabu, ikapanda mwaka 2021. Katika msimu wake wa kwanza Geita Gold ilishika nafasi ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Hata hivyo Stand United ilishuka mwaka 2019, Mwadui mwaka 2021 na Geita Gold mwaka 2024, kwa kuwa timu inayotegemea wachezaji waliokwisha kuiva kwingine hubaki bila akiba wanapoondoka au fedha zinapopungua.

Kuandika makadirio kuna faida ya fedha pia. Chini ya kanuni za FIFA zilizoanza mwaka 2001, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya malipo hugawiwa klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23, na klabu isiyo na usajili wa kuthibitisha malezi hayo haiwezi kudai kitu. Kwa hiyo daftari la kila chipukizi, lenye tarehe ya kuzaliwa iliyothibitishwa, shule aliyotoka, na tathmini ya kila mwaka ya uwezo na upeo wake, ndicho kifaa ambacho klabu za Shinyanga na Geita zinapaswa kukianza kabla ya kusajili mshambuliaji mwingine kutoka mbali.