Ja'far bin Abi Talib Mbele ya Najashi

 

Ndugu Waislamu, katika vyuo vyetu mtoto akiulizwa Uislamu ni nini, hujibu mara moja kwa kuhesabu nguzo tano: Shahada, Sala, Zaka, Saumu ya Ramadhani, na Hija kwa mwenye uwezo. Jawabu hilo ni sahihi, na sisi wenyewe tumelisomesha kwa miaka mingi. Lakini liko jawabu jingine la zamani sana, lililotolewa mbele ya mfalme wa Kikristo, katika bara letu hili la Afrika. Hilo ndilo tunalotaka tulisikilize leo.

Wahyi wa kwanza ulimshukia Mtume (S.A.W.) katika pango la Hira, karibu na Makka, mnamo mwaka 610. Kwa muda wa kiasi cha miaka mitatu aliwalingania watu kwa siri. Alipodhihirisha, Makureshi wakaghadhibika. Wala ghadhabu yao haikuwa kwa ajili ya masanamu peke yake. Makabila ya Bara Arabu yalikuwa yakija kuyazuru masanamu yaliyowekwa kwenye Al-Kaaba, na biashara ikifuata ziara. Basi mwenye kusema kwamba Mungu ni Mmoja, na kwamba mtumwa na bwana wake watasimama sawasawa mbele Yake, alikuwa ameigusa mali ya tajiri na jaha yake pamoja. Ndipo Bilal akalazwa juu ya mchanga wa moto na jiwe kifuani, na Bibi Sumayya akauawa.

Katika mwaka wa tano wa Utume, yaani takriban 615, Mtume aliwashauri baadhi ya wafuasi wake wahamie Uhabeshi, kwani huko alikuwako mfalme ambaye kwake mtu hadhulumiwi. Kundi la kwanza halikufika watu 20, na ndani yake alikuwamo Sayyidna Uthman bin Affan na mkewe Bibi Ruqayya, binti wa Mtume. Walitoka kwa kificho hadi pwani, wakavuka Bahari ya Sham katika vyombo vya wafanya biashara. Baadaye wakafuata wengine, hata wakapata wanaume 80 na zaidi, pamoja na wanawake na watoto.

Makureshi hawakuwaacha. Wakapeleka wajumbe wawili, Amr bin al-As na Abdullah bin Abi Rabia, na zawadi za ngozi, kitu kilichopendwa mno kule. Wajumbe wakaanza kwa makasisi wakubwa, kila mmoja akapewa hadiya yake kabla mfalme hajaambiwa neno. Ombi lao lilikuwa kwamba wakimbizi hao warudishwe bila ya kuhojiwa. Najashi akakataa kuwatoa watu waliomkimbilia yeye kabla ya kuwasikia wenyewe.

Habari hizi zimepokewa kwa Bibi Ummu Salama, naye alikuwa miongoni mwa wahamiaji. Anasimulia kuwa aliyesimama kusema ni Ja'far bin Abi Talib, binami yake Mtume. Ja'far alianza kwa kukiri. Alimwambia mfalme kuwa wao walikuwa watu wa ujinga, wakiabudu masanamu, wakila mizoga, wakikata udugu na kuwaudhi majirani, mwenye nguvu akimla mnyonge. Kisha Mungu akawapelekea Mtume kutoka kwao wenyewe, mtu waliyeijua nasaba yake, ukweli wake na uaminifu wake. Akawaita wamwabudu Mungu Mmoja, na akawaamrisha kusema kweli, kurejesha amana, kuunga udugu, kukaa vyema na jirani, na kuacha kumwaga damu. Akawakataza kula mali ya yatima na kuwasingizia wanawake waliojihifadhi.

Sala, Zaka na Saumu zimetajwa pia katika riwaya hiyo. Wanavyuoni wameliangalia jambo hili kwa makini, kwa sababu Saumu ya Ramadhani ilifaradhishwa Madina katika mwaka wa 2 wa Hijra, na viwango vya Zaka vilipangwa huko huko. Wako walioona kwamba kilichokusudiwa ni saumu na sadaka kwa jumla, na sisi twaelemea kauli hiyo. Hata hivyo, utazameni mpango wa maneno yake: baada ya kumpwekesha Mungu, amana na jirani vimetangulia. Mwanafunzi anayezijua sharti zote za udhu, na huku deni la mwenye duka halilipi, na alisome jawabu la Ja'far mara ya pili.

Mfalme akaomba asomewe kitu katika aliyokuja nayo Mtume, na Ja'far akasoma mwanzo wa Sura ya Maryam. Najashi akalia, na makasisi wake wakalia.

Lakini Amr hakuchoka. Siku ya pili akaja na hila nyingine: waulizwe wanasemaje juu ya Isa. Hapo ndipo palipokuwa na hatari yenyewe, maana kwa neno moja wangeweza kurudishwa kwenye mchanga wa Makka. Wahamiaji wakashauriana, wakakata shauri kusema yale aliyoyasema Mwenyezi Mungu, na liwalo na liwe. Ja'far hakuficha wala hakutukana. Alisema kuwa Isa ni mja wa Mungu na Mtume Wake, ni roho itokayo Kwake, na ni neno Lake alilompelekea Maryam aliye bikira. Najashi akaokota kijiti, akasema kuwa Isa hakuzidi hayo hata kwa kadiri ya kijiti kile. Wakuu wake wakanung'unika, hakuwajali. Zawadi zikarudishwa.

Ja'far alikaa Uhabeshi hadi mwaka wa 7 wa Hijra, 628, alipomfikia Mtume huko Khaybar. Mwaka uliofuata aliuawa vitani Mu'ta. Amr bin al-As naye akasilimu katika mwaka huo wa 8.

Najashi alifariki mwaka wa 9. Mtume aliwapa watu habari ya msiba, akawapanga safu, akamsalia kwa takbira nne, ilhali maiti yuko ng'ambo ya bahari. Na katika mji wa Madina siku hiyo walikuwamo waliopata kula chakula cha nchi yake.