Baipola: uso mmoja ulipelekwa hospitali, mwingine ukabaki nyumbani

Mwaka 1904 wamisionari wa Kijerumani walifungua nyumba ya kutunza wagonjwa wa akili pale Lutindi, kwenye milima ya Usambara. Majengo yenyewe yalikuwa yamejengwa miaka michache kabla kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Inatajwa kuwa hospitali ya kwanza ya aina hiyo Afrika Mashariki. Mwaka huohuo Mjerumani mwingine, daktari Emil Kraepelin, alikuwa kisiwani Java akiwachunguza wagonjwa wa akili wa huko. Huyu ndiye aliyetangaza mwaka 1899 kwamba furaha iliyopitiliza na huzuni iliyopitiliza zinaweza kuwa ugonjwa mmoja, ule ambao leo tunauita baipola.

Utauliza, sasa Java na Lutindi zinaihusu nini familia ya Dongobesh au Katesh? Zinaihusu sana.

Kraepelin hakuwa na kipimo cha damu wala mashine. Alikuwa na kadi. Kila mgonjwa aliandikiwa kadi yake, na kadi zile zilifuatiliwa miaka na miaka. Hapo ndipo alipoona jambo ambalo Mfaransa Falret alikuwa ameshaligusia mwaka 1851: yule aliyeletwa mwaka huu akipiga kelele, halali, anagawa mali, na yule aliyeletwa miaka mitatu baadaye akiwa kimya, hataki kula, ni mtu yuleyule. Na katikati ya vipindi hivyo aliishi kama wewe na mimi. Ukimtazama siku moja tu, hutaona baipola. Utaona "kichaa", au utaona "mvivu".

Ajabu ni kwamba Kraepelin huyohuyo, alipofika Java, aliwaangalia watu waliokuwa ndani ya hospitali kisha akasema sonona kwa wenyeji ni nadra na nyepesi. Wengine wakalichukua wazo hilo. Nairobi, daktari J. C. Carothers aliyeiongoza hospitali ya Mathari kuanzia mwaka 1938 alihesabu wagonjwa wake, akakuta wenye sonona wachache sana. Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake mwaka 1953, na humo Mwafrika anaelezwa kama mtu ambaye sonona haimpati hivi hivi.

Hebu tufikirie kidogo. Mtu alifikaje Mathari enzi hizo? Aliletwa na polisi, na mahakama, au kwa amri ya mkuu wa wilaya, kwa sababu alikuwa amevuruga amani. Hakuna aliyewahi kufungwa kamba kwa kosa la kulala kitandani miezi miwili. Carothers alihesabu waliopita mlangoni, akadhani amewahesabu Waafrika. Kwangu mimi hilo ni kosa la sampuli la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ila lilivaa koti jeupe.

Mlango wa Tanganyika haukuwa tofauti. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1927. Kwa mtu wa Mbulu au wa chini ya mlima Hanang, kwenda huko ni kushuka hadi Babati, kupita Kondoa, halafu Dodoma. Safari hiyo hufungwi mizigo kwa ajili ya mjomba ambaye siku hizi haongei. Unaifunga akiwa ameuza maksai wawili kwa bei ya mbuzi, hajalala siku ya tano, na anatangaza sokoni kwamba serikali imemkabidhi wilaya. Kwa hiyo kijiji kikajifunza kwamba ugonjwa wa akili ni kelele tu. Ule upande mwingine ukapewa majina mengine: mawazo, uvivu, kurogwa, majonzi yasiyokwisha.

Jibu kwa Carothers lilipatikana watafiti walipoacha kukaa hospitalini. Miaka ya 1970 John Orley alipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya Uganda, na mwaka 1979 yeye na John Wing wakachapisha matokeo: sonona kwa wanawake wa vijiji vile ilikuwa nyingi kuliko kwa wanawake wa kusini-mashariki mwa London. Miaka yote hiyo ilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa amepiga hodi.

Turudi Mbulu. Mwaka 1955 Walutheri wa Norway walifungua hospitali ya Haydom. Mwanaanthropolojia Ole Bjørn Rekdal, aliyefanya utafiti kwa Wairaqw, aliandika mwaka 1999 jambo ambalo wazee wa huku wanalijua bila kuambiwa: mganga wa mbali huaminiwa kuliko wa jirani. Watu walikuwa wameshazoea kuvuka mipaka ya kabila kutafuta dawa, kwa hiyo Mzungu na sindano yake aliingia kwenye njia iliyokwisha kulimwa. Mimi naona hili lina faida hata leo. Anayeanza kwa mganga, akapita kwa mchungaji, akaishia Haydom, hajaikataa sayansi. Anafanya kile ambacho familia yake imefanya siku zote, ila miezi inapotea njiani.

Na dawa? Lithiamu ilianza mwaka 1949, pale John Cade wa Australia alipowapa wagonjwa waliokuwa wamepanda. Inafanya kazi vizuri, lakini dozi inayotibu na dozi inayodhuru zimekaribiana, hivyo inataka damu ipimwe mara kwa mara. Hebu iwaze maabara hiyo kwenye zahanati ya kijijini. Ndiyo maana dawa za kifafa zina umuhimu wake. Mfaransa Lambert alianza kuitumia familia ya valproeti kwa wagonjwa hawa mwaka 1966, na Wajapani wakafuata na kabamazepini mwanzoni mwa miaka ya 1970. Haydom imefanya kazi kubwa ya kifafa, pamoja na utafiti wa daktari Andrea Winkler. Kwa hiyo ukiona ndugu yako mwenye baipola anapewa "vidonge vya kifafa", usidhani daktari amekosea faili. Ila valproeti inaweza kumdhuru sana mtoto aliye tumboni, mwanamke aulize kabla. Na anayetumia lithiamu asijinunulie diklofenaki au aibuprofeni dukani kwa ajili ya mgongo uliochoka na jembe, maana zinaipandisha kwenye damu.

Miaka ya 1980 Tanzania ilijaribu kuishusha huduma ya akili hadi zahanati, ikianza na mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro. Mbulu na Hanang, wakati huo zikiwa mkoa wa Arusha, hazikuwa za kwanza kwenye foleni. Hapa kadi ya Kraepelin ilibidi ishikwe na mtu mwingine, na huyo ni mama, mke au kaka.

Chukua daftari la shule. Andika tarehe, saa alizolala, pesa alizotumia, alivyoongea. Mtu anayelala saa mbili au tatu na bado ana nguvu kuliko jana, anayerukia wazo hadi wazo, anayekopa, anayejiona mkubwa, hali hiyo ikifika wiki nzima si furaha ya mavuno tena. Kushuka kunahesabiwa kuanzia wiki mbili: haoni ladha ya chochote, anajilaumu, shamba limeota majani naye anaishia kulitazama. Ukiwa wewe ndiye mgonjwa, mpe mtu unayemwamini ruhusa ya kukuambia "hujalala", kwa sababu wakati wa kupanda wewe utajiona umepona kuliko watu wote. Linda usingizi: mkesha wa maombi na pombe za msibani vimewapandisha wengi.

Mkubaliane akiwa mzima. Nani atashika simu yenye pesa? Nani atasema ng'ombe hawauzwi wiki hii? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo mke anayekataa kusaini ana sheria nyuma yake.

Akisema anataka kufa, amini. Usimwache peke yake, ondoa dawa za mifugo na kamba, mpeleke hospitali. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinaliita jaribio la kujiua kosa la jinai, na hofu hiyo inazifanya familia zifiche. Lakini aliyejaribu na akafichwa nyumbani ndiye aliye hatarini zaidi kujaribu tena.

Mkifika kliniki akiwa ameshuka, msiishie kusema "ana huzuni". Fungueni daftari ukurasa wa mwaka jana, kule alikouza maksai. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mtu mwenye baipola inaweza kumrusha juu, na daktari aliyemwona leo kwa mara ya kwanza hawezi kujua kwamba ule ukurasa upo.