Utwaaji wa Kampuni

Kampuni ya filamu inaponunuliwa na nyingine, magazeti yetu huandika "muungano". Neno hilo lina uzito wake. Tangu Tanganyika na Zanzibar ziungane mwaka 1964, msomaji akilikuta huona pande mbili zilizokubaliana kuwa kitu kimoja. Mwaka 2009 Disney ilipokubali kuinunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4, hapakuwa na pande mbili za namna hiyo. Marvel ilitwaliwa. Ndiyo maana napendekeza utwaaji: anayetwaa anajulikana, na kinachotwaliwa kinajulikana.

Ila anayetwaa hutwaa pamoja na mikataba. Mwaka 1994 Marvel iliipa MCA, iliyokuwa ikimiliki Universal, haki ya kuwatumia wahusika wake katika bustani za burudani. Mwaka 1999 Universal ikafungua eneo la mashujaa wa Marvel katika bustani ya Islands of Adventure, Orlando. Disney ilipokuja kuitwaa Marvel, mkataba ule ulibaki hai, kama mpangaji asiyetoka kwa sababu tu nyumba imepata mmiliki mpya. Spider-Man ni mali ya Disney, lakini huko Orlando huwapokea wageni kwa mshindani wake, na Disney haiwezi kumtumia katika bustani zake za Florida. Huko California, upande wa pili wa nchi, ambako masharti ni mepesi zaidi, Disney ilifungua eneo la Avengers mwaka 2021.

Hapa panahitajika istilahi ya pili: haki ya matumizi. Wengi husema leseni, na si kosa, ingawa kwetu leseni hukumbusha kwanza kibali cha serikali cha biashara au cha udereva. Haki ya matumizi huonyesha kwamba mali ni ya mmoja na faida yake huchumwa na mwingine. Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1983, ni mali ya kampuni ya Kijapani, Oriental Land. Disney hulipwa mrabaha.

Ubia nao uachwe mahali pake. Januari 2011 Comcast ilichukua asilimia 51 ya NBCUniversal, pamoja na bustani zake, na General Electric ikabaki na 49. Huo ulikuwa ubia. Mwaka 2013 Comcast ilinunua zile 49, na tangu hapo jina lake ni utwaaji.