Mpango Kabla ya Panya: Historia ya Usajili wa Awali wa Tafiti za Wanyama

Usajili wa awali, yaani utaratibu wa kuweka mpango wa utafiti katika rejesta kabla jaribio halijaanza, ulikomaa kwanza katika majaribio ya dawa kwa binadamu. Mwaka 2000 Marekani ilifungua rejesta ya ClinicalTrials.gov, na Septemba 2004 wahariri wa majarida makuu ya tiba wakatangaza kwamba jaribio lisilosajiliwa mapema halitachapishwa, kwa kuwa matokeo yasiyopendeza yalikuwa yakifichwa na madaktari wakabaki kusoma habari za mafanikio peke yake.

Tafiti za wanyama hazikuguswa na kanuni hiyo, ilhali ziliugua maradhi yaleyale. Dawa ya NXY-059, iliyokinga ubongo wa wanyama dhidi ya kiharusi, ilishindwa kwa wagonjwa katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2007. Miaka mitatu baadaye, Emily Sena na wenzake walichambua machapisho 525 ya tafiti za kiharusi kwa wanyama, wakakadiria kwamba takriban theluthi moja ya ufanisi ulioripotiwa huenda ilitokana na upendeleo wa uchapishaji, yaani mazoea ya kutangaza matokeo mazuri na kuyaacha mengine kabatini.

Mwaka huohuo wa 2010 ulitolewa mwongozo wa ARRIVE, unaoeleza mambo ambayo ripoti ya utafiti wa wanyama haina budi kuyataja. Lakini ripoti huandikwa kazi ikiwa imekwisha, wakati mtafiti ameshayaona matokeo na anaweza kuchagua ya kusimulia. Pengo hilo ndilo lililozibwa na rejesta ya preclinicaltrials.eu, iliyoanzishwa Uholanzi mwaka 2018, na ile ya Taasisi ya Shirikisho ya Tathmini ya Hatari ya Ujerumani, iliyofunguliwa Januari 2019. Humo mtafiti huandika mapema nadharia tete yake, idadi ya wanyama na sababu ya idadi hiyo, jinsi watakavyogawanywa kwa bahati nasibu, na njia ya kuchambua takwimu. Na anayehofia kuibiwa wazo huruhusiwa kuuficha mpango wake kwa muda.

William Russell na Rex Burch walikwishafundisha mwaka 1959 kwamba idadi ya wanyama wa maabara ipunguzwe kadiri inavyowezekana. Fundisho hilo halitimii iwapo matokeo yaliyofichwa yanamlazimu mtafiti mwingine kuua wanyama wengine ili kugundua jambo lililokwisha kujulikana. Kwa hiyo wahariri na wafadhili wanapaswa kuwadai watafiti wa wanyama sharti lilelile waliloliweka wahariri wa tiba mwaka 2004.