Magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu: maana na sababu zake

Kila likizo wanafunzi wa udaktari wanaosoma Bukavu hurudi Kabare, Walungu, Kalehe na Mwenga. Wakifika nyumbani, jamaa huwauliza: mtoto huyu anaanguka kwa sababu gani? Mkono wa mama huyu umekufaje? Mara nyingi mgonjwa amekwisha kupelekwa kwenye chumba cha maombi na kuambiwa aache dawa. Tunaandika maelezo haya kwa ajili ya wanafunzi hao, na kwa wachungaji na wamama wa kanisa wanaomwona mgonjwa kabla ya mganga.

Kifafa

Chembe za ubongo hupashana habari kwa umeme mdogo. Umeme huo ukilipuka bila utaratibu, mtu huanguka na kutikisika, ama hukodoa macho bila kusikia. Tunasema ni kifafa ikiwa mtu amepatwa mara mbili au zaidi, kwa kupitana zaidi ya saa 24, pasipo homa wala sababu nyingine ya wakati ule. Chanzo chaweza kuwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, kuumia kichwa, au mayai ya tegu wa nguruwe yaliyoingia kwa chakula kichafu. Kwa wengine chanzo hakionekani.

Kifafa hakiambukizi, hata kwa mate. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu karibu milioni 50 wanaishi nacho, na kwamba hadi 70 katika 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vizuri. Kuacha dawa ghafula ni hatari: mgonjwa anaweza kuanguka na kutikisika bila kukoma, hata kufa.

Degedege

Ni kutikisika kwa mtoto mwenye homa kali, hasa kati ya miezi 6 na miaka 5. Peke yake si kifafa. Lakini katika nchi yetu lazima kwanza atafutiwe malaria na homa ya uti wa mgongo.

Homa ya uti wa mgongo

Ni uvimbe wa ngozi nyembamba zinazofunika ubongo na uti wa mgongo, mara nyingi kwa sababu ya vijidudu. Dalili ni homa, kichwa kuuma sana, shingo kukaza na kuchanganyikiwa. Mgonjwa huyu hangoji kesho.

Kiharusi

Ni sehemu ya ubongo kukosa damu ghafula, ama kwa mshipa kuziba, ama kwa mshipa kupasuka. Mdomo huenda upande, mkono na mguu wa upande mmoja hulegea, maneno hupotea. Sababu kubwa ni shinikizo la damu, ambalo mtu aweza kukaa nalo miaka mingi bila kusikia maumivu. Ndiyo maana wazee wapimwe hata wakiwa wazima.

Konzo

Ugonjwa huu ulielezwa na mganga Trolli mwaka 1938 kule Kwango. Jina lake ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mwaka 2011 watafiti walieleza wagonjwa wa konzo hata hapa Kivu ya Kusini, katika Burhinyi.

Alama zake ni tatu: miguu yote miwili hukakamaa mtu akitembea au kukimbia, ulemavu huingia kwa muda usiofika juma moja kwa mtu aliyekuwa mzima, kisha hauendelei, na magoti au vifundo vya miguu huruka kupita kiasi vikigongwa, bila ugonjwa wa uti wa mgongo. Sababu ni sumu ya sayanidi iliyo katika muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, pamoja na ukosefu wa maharagwe, samaki na nyama. Vita na njaa hufanya watu waharakishe muhogo. Watoto na wamama ndio huumia zaidi, na miguu hairudi kuwa kama zamani.

Kinga yake iko jikoni. Muhogo uloweke siku tatu au zaidi. Unga ulio tayari uchanganywe na maji, utandazwe mwembamba saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha upikwe siku ileile.

Kazi yetu

Mtu akianguka, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, usitie kijiko wala kidole mdomoni, na angalia saa. Zikipita dakika 5, mpeleke hospitali. Kumwombea ni vema; kumnyima dawa ni kumtendea vibaya. Luka alikuwa mganga, wala hakuacha kuwa mwanafunzi wa Bwana. Mchungaji amwombee mgonjwa, kisha amsindikize kwenye kituo cha afya, na juma linalofuata amwulize kama amemeza dawa.