Waya Juu ya Mashamba ya Missouri

Huenda umepata kusikia ya kwamba mkulima akataaye nguzo za umeme shambani mwake ni adui wa maendeleo. Kabla hujamhukumu, fuatana nami hadi jimbo la Missouri, katikati ya Marekani.

Mwaka wa 2010 kampuni ya Clean Line ilianza kuandaa njia ya umeme iitwayo Grain Belt Express, yenye urefu wa maili zipatazo 800, ya kuchukua umeme wa upepo kutoka Kansas na kuupeleka mashariki. Wakulima wa Missouri waliipinga. Tume ya Huduma za Umma iliikataa mwaka wa 2015 na tena 2017. Mwaka wa 2019, baada ya amri ya Mahakama ya Juu ya jimbo, ikaikubali. Ruhusa hiyo ilikuwa na makali: mwenye shamba asiyepatana na kampuni aweza kushtakiwa, na njia ikatwaliwa kwa fidia.

Mwaka wa 2020, watoto wakisomea nyumbani kwa sababu ya Korona, kampuni ya Invenergy, iliyokwisha kuichukua kazi hiyo, iliahidi ya kwamba njia yake italeta pia intaneti ya kasi vijijini. Ahadi tamu! Lakini ipime. Mkonga ukipita juu ya nguzo haujaingia nyumbani. Lazima mwingine aufikishe mlangoni, na huko ndiko kwenye gharama.

Tena Missouri ilikuwa na kumbukumbu. Ushirika wa umeme wa Sho-Me ulikuwa umepewa na wenye mashamba haki ya kupitisha umeme. Ukapitisha na mkonga, kisha ukafanyia biashara ya mawasiliano. Je, aliyeruhusu jirani kupita na maji ameruhusu apite na ng'ombe? Wenye ardhi walishtaki, na mwaka wa 2015 jopo la raia waliosikiliza kesi liliwapa dola milioni 79. Mwaka wa 2017 mahakama ya rufani iliitengua hesabu hiyo, lakini ilishikilia ya kwamba ushirika uliingia katika ardhi ya watu pasipo haki.

Mwaka wa 2022 sheria mpya iliamuru shamba litwaliwalo kwa njia za umeme lilipwe asilimia 150 ya thamani yake sokoni. Sheria hiyo haikuigusa Grain Belt Express, iliyokuwa imekwisha kupata ruhusa yake.